Saundi Kadi na Reaper Nyumbani: Mpaka Sauti Isichelewe

Wengi wanaoniuliza kuhusu kurekodi nyumbani huanza na maiki. Ninunue ipi? Ya bei gani? Swali halina ubaya, ila sipo hapo watu wanapokwama. Wanakwama baadaye, boksi limeshafunguliwa, waya zimeshachomekwa, taa ya saundi kadi inawaka. Mtu anavaa hedifoni, anaimba mstari wa kwanza, na sauti yake mwenyewe inamfikia imechelewa nusu neno. Lawama zinaanza: kompyuta mbovu, saundi kadi feki, muuzaji tapeli. Mara nyingi hakuna lolote kati ya hayo. Kuna mpangilio tu ambao haujakaa sawa, na karibu kila mara uko kwenye draiva au kwenye bafa.

Nitaeleza kwa vifaa vilivyopo mezani kwangu hapa Dar es Salaam: Focusrite Scarlett 2i2 ya toleo la tatu, lile lililotoka mwaka 2019, laptopu ya Windows ya kawaida, na programu ya Reaper. Kama saundi kadi yako ni ya kampuni nyingine, majina ya vitufe yatabadilika lakini utaratibu ni uleule. Wenye Mac wana nafuu, maana mfumo wao una njia yake ya sauti inayoitwa Core Audio na saundi kadi nyingi hufanya kazi pale zinapochomekwa. Sehemu ya draiva wanaweza kuiruka.

Kazi ya saundi kadi yenyewe si ngumu kuielewa. Maiki inatoa umeme mdogo mno unaopanda na kushuka kufuatana na sauti. Saundi kadi inaukuza, inaupima maelfu ya mara kwa sekunde, kisha inavipeleka vipimo hivyo kwenye kompyuta vikiwa namba. Wakati wa kusikiliza inafanya kinyume chake. Kazi yetu ni kuhakikisha namba hizo hazipotei njiani wala hazikai foleni.

Draiva kwanza

Pakua draiva kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza saundi kadi yako kabla hujachomeka waya wowote. Chagua inayolingana kabisa na toleo lako. Scarlett ya toleo la pili na ya nne zinafanana na ya tatu kwa rangi nyekundu, lakini ni vifaa tofauti. Isakinishe, zima na uwashe kompyuta, ndipo uchomeke. Ukiichomeka ya toleo la tatu mara ya kwanza, kompyuta inaweza kuiona kama flashi yenye faili dogo ndani. Usishtuke wala usiifomati. Lile faili linakupeleka kwenye ukurasa wa kuisajili, na ukishasajili mambo hayo yanakoma.

Ichomeke moja kwa moja kwenye tundu la USB la laptopu, si kwenye kigawanyio kinachogawana na mausi, flashi na chaja ya simu. Saundi kadi ya namna hii inakula umeme kutoka kwenye waya huohuo wa USB, na kigawanyio cha bei rahisi huwa kinaunyima.

Sababu ya kung'ang'ania draiva ni hii. Windows ina njia yake ya kawaida ya kupitisha sauti, na njia hiyo inachanganya kila kitu: muziki wa kwenye kivinjari, mlio wa ujumbe, sauti ya video. Uchanganyaji huo unachukua muda. Mwaka 1997 kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilileta utaratibu uitwao ASIO, ambao unairuhusu programu ya muziki kuzungumza na saundi kadi bila kupita kwenye mchanganyiko ule. Ukisikia mtu anarekodi bila kuchelewa kwenye Windows, karibu kila mara anatumia ASIO, na ASIO ya kweli inakuja na draiva ya kampuni.

Kuna kitu kinaitwa ASIO4ALL, na ushauri wa kukisakinisha utaukuta kila kona. Hicho ni daraja la kuvushia vifaa ambavyo havina draiva yake vyenyewe. Kama saundi kadi yako inayo, usikiweke. Kinaongeza jina lingine kwenye orodha, siku moja unalichagua bila kujua, halafu unapoteza mchana mzima kutafuta sauti ilikopotelea.

Sasa fungua Reaper. Nenda Options, kisha Preferences, na upande wa kushoto ubonyeze Device chini ya Audio. Pale juu kwenye Audio system chagua ASIO, chini yake chagua Focusrite USB ASIO. Weka alama kwenye Enable inputs, na chaneli zianzie 1 hadi 2. Ukikubali na kurudi kwenye ukurasa mkuu, tazama kona ya juu kulia: Reaper inakuandikia pale idadi ya vipimo kwa sekunde, idadi ya chaneli, ukubwa wa bafa na makadirio ya kuchelewa kwa milisekunde. Nikienda kumsaidia mtu, huanzia kwenye kona hiyo kabla sijagusa kitu. Kama haionyeshi ASIO, hakuna haja ya kuendelea mbele.

Vipimo 44,100 au 48,000?

Huu ni ubishi mrefu vijiweni na hauna maana kubwa. CD inatumia 44,100 kwa sekunde, video hutumia 48,000. Kwa kuwa nyimbo nyingi siku hizi huishia kwenye video, natumia 48,000 na maisha yanasonga. Wanaopandisha hadi 192,000 wanaongeza ukubwa wa faili mara nne kwa faida ambayo sijawahi kuisikia, na chumba chao bado kina pangaboi linalozunguka.

Cha muhimu ni kwamba saundi kadi na Reaper ziwe na namba moja. Biti uliyopewa na prodyuza ikiwa ya 44,100 na mradi wako ni wa 48,000, Reaper itaibadilisha yenyewe, usihangaike. Tatizo lipo pale kivinjari kinapocheza video huku nyuma na kuishikilia saundi kadi kwa namba nyingine. Dalili zake ni biti kwenda kasi au polepole kuliko kawaida, sauti kukwaruza, au Reaper kukataa kabisa kuifungua saundi kadi. Funga kivinjari, funga kila kinachotoa sauti, kisha uifungue Reaper upya.

Kwenye kina cha kila kipimo chagua biti 24. Hilo nitalirudia tukifika kwenye geini.

Bafa, chanzo cha kuchelewa

Kompyuta haipokei vipimo kimoja kimoja. Inavisubiri vijikusanye, ndipo inavichukua kwa mkupuo, mithili ya daladala inayongoja ijae ndipo iondoke. Bafa ni idadi ya abiria. Ikiwa ndogo, gari linaondoka haraka lakini dereva hapumziki. Ikiwa kubwa, dereva anapata nafasi na abiria wa kwanza anakaa sana kituoni.

Hesabu yake ni rahisi: gawa bafa kwa vipimo vya sekunde moja. Bafa ya 128 kwa 48,000 ni karibu milisekunde 2.7. Ya 256 ni 5.3. Ya 1024 ni zaidi ya 21. Hiyo ni safari ya upande mmoja. Sauti inaingia kisha inatoka, kwa hiyo zidisha mara mbili, na bado kuna kidogo cha saundi kadi yenyewe. Sauti hewani husafiri kama mita 343 kwa sekunde, maana yake milisekunde 10 ni sawa na kusimama mita tatu na nusu kutoka kwenye spika. Mwimbaji anaweza kuishi na hilo. Ikifika 40 ulimi unaanza kumgongana.

Ili kuibadilisha, rudi pale kwenye Device ubonyeze kitufe cha ASIO Configuration. Dirisha la Focusrite litafunguka. Anza na 128. Kama unasikia tik-tik au michubuko kwenye biti, panda hadi 256. Mimi hurekodi kwa 128 na kuchanganya kwa 1024, kwa sababu wakati wa kuchanganya hakuna anayeimba na plagini zinataka nafasi ya kupumua.

Ikikwaruza hata kwa 512, shida haipo kwenye bafa tena. Zima Wi-Fi. Chomeka chaja, maana laptopu nyingi hupunguza kasi zikiwa kwenye betri, kisha uchague mpango wa umeme unaoipa kompyuta nguvu zote. Kwenye mipangilio ya ndani ya umeme zima ile inayoruhusu Windows kuzilaza USB. Ukitaka kumjua mkosaji kwa jina, ipo programu ya bure iitwayo LatencyMon: iwashe, iache dakika kadhaa, itakuonyesha ni draiva gani inaikalia kompyuta. Mara nyingi hukuta ni ya Wi-Fi.

Kujisikia bila kupitia kompyuta

Haya yote kuhusu bafa unaweza kuyakwepa kwa kitufe kimoja. Kwenye uso wa Scarlett kuna Direct Monitor. Ukikibonyeza, sauti ya maiki inaenda kwenye hedifoni hapohapo ndani ya saundi kadi bila kuingia kwenye kompyuta. Kuchelewa kunakuwa hakuna kabisa kwa sikio la binadamu, hata bafa ikiwa 1024 na laptopu yako ikiwa mzee wa makamo.

Mambo mawili yanawachanganya watu hapa. Kwanza, kitufe hicho kwenye toleo la tatu kina hali mbili kikiwashwa: mono na stereo. Ukiwa kwenye stereo, maiki ya tundu la kwanza inasikika sikio la kushoto peke yake, na mtu anadhani hedifoni imekufa upande. Kwa mwimbaji mmoja, weka mono. Pili, ukiwasha Direct Monitor na wakati huohuo treki ya Reaper nayo ikawa inakurudishia sauti, utajisikia mara mbili, ya kwanza wazi na ya pili ikiifuata. Kwenye treki kuna alama ndogo ya spika, izime.

Waimbaji wengi watalalamika kwamba sauti ni kavu. Wana haki. Mtu aliyezoea kuimba ukumbini au kanisani akisikia sauti kavu anabana koo, na huwezi kuja kulifungua koo kwa plagini. Hapa ndipo natumia mbinu ninayoipenda kuliko zote. Acha Direct Monitor ikiwa imewashwa, kisha uiwashe ile alama ya spika kwenye treki, lakini kwenye treki hiyo weka plagini ya ReaVerbate inayokuja na Reaper. Kitelezi cha Dry kishushe hadi chini kabisa, cha Wet kipandishe kiasi. Sasa kompyuta inarudisha mwangwi peke yake, bila sauti yenyewe. Mwangwi kwa asili unakuja baada ya sauti, kwa hiyo kuchelewa kwa bafa hakusikiki kama kosa, kunasikika kama ukumbi mkubwa zaidi. Faili linalorekodiwa linabaki kavu, na baadaye unaweza kuuondoa mwangwi au kuubadilisha utakavyo.

Geini, na maradhi ya kujaza mita

Tengeneza treki kwa Ctrl na T. Bonyeza kitufe chake chekundu cha kurekodi, na kwenye orodha ya mlango wa kuingilia chagua Mono, Input 1. Ukichagua Stereo, sauti itarekodiwa upande wa kushoto tu.

Kisha imba, na uimbe kile kipande chenye nguvu kuliko vyote kwenye wimbo. Usihesabu moja mbili tatu kwa upole kama fundi mitambo anayejaribu maiki ya harusi. Duara la taa kwenye kirungu cha geini linakuwa kijani, likikaribia mwisho linakuwa rangi ya chungwa, likizidi linakuwa jekundu. Kwenye mita ya Reaper, vilele vya sauti vifike karibu desibeli 12 chini ya sifuri. Hapo acha, hata kama macho yanakuambia mchoro wa wimbi ni mwembamba. Ukitaka kuuona mnene, bonyeza Shift na mshale wa juu; mchoro utakua na sauti haitaguswa.

Ushauri wa kujaza mita hadi karibu na nyekundu una asili yake. Enzi za kanda ya sumaku, kama zile zilizorekodiwa bendi zetu Radio Tanzania Dar es Salaam miaka ya 1970, kanda yenyewe ilikuwa na mvumo wake, na sauti ikirekodiwa chini ilizama ndani ya mvumo huo. Kanda pia ilistahimili kuzidishiwa kidogo. Namba hazistahimili: kilichovuka sifuri kinakatwa kichwa, na hakuna plagini itakayokirudisha kama kilivyokuwa. Kwa upande mwingine, biti 24 zina nafasi ya kinadharia ya desibeli 144 kati ya ukimya na kilele, dhidi ya 96 za biti 16. Kurekodi chini kidogo hakukugharimu chochote. Fundi anayekuambia "jaza, jaza" leo anakupa dawa ya ugonjwa uliokwisha.

Kuhusu kitufe cha 48V: maiki za kondensa zinakihitaji, za dainamiki kama Shure SM58 hazikihitaji wala hazidhuriki nacho ukitumia waya mzima wa XLR. Maiki za utepe za zamani ndizo za kuogopea. Shusha sauti ya hedifoni, chomeka maiki, ndipo uwashe, na usubiri sekunde chache. Kwenye 2i2 hii kitufe ni kimoja kwa matundu yote mawili. SM58 itahitaji geini kubwa kuliko kondensa. Hiyo ni kawaida yake. Gitaa la umeme linachomekwa kwa jeki kubwa, na kitufe cha INST kiwake. Gitaa kavu lisilo na pikapu lisogezee maiki.

Mvumo na chumba

Ukisikia ule mvumo mzito wa chini, mmmm usiokatika, ni umeme wa ukutani. Wa kwetu unapiga mara 50 kwa sekunde na ndiyo sauti unayoisikia. Chomoa chaja ya laptopu huku umevaa hedifoni. Mvumo ukikatika, chaja ndiyo mlango wake: rekodi kwa betri, au uhamishie chaja na spika kwenye soketi moja yenye waya wa ardhi unaofanya kazi. Mvumo ukibaki, badilisha waya wa maiki. Waya wa XLR una nyuzi mbili zinazobeba sauti kinyume kwa kinyume, kelele inayoziingia zote inajifuta mwishoni. Waya wa gitaa hauna kinga hiyo, kwa hiyo uwe mfupi. Na kwa kuwa saundi kadi inakula USB, umeme ukikatika mtaani kazi haisimami. Mtaa mzima unanyamaza, friji inanyamaza. Baadhi ya rekodi zangu safi ni za saa hizo, japo kwa betri nilipandisha bafa hadi 256.

Kuhusu chumba sitasema mengi. Zima pangaboi, vumilia joto. Tundika blanketi nzito nyuma ya mwimbaji, kwa sababu maiki ya kondensa inatazama alipo yeye na ukuta ulio nyuma yake. Kaa shubiri moja kutoka kwenye maiki, uitazame kidogo kwa pembeni, na kati yenu weka kichujio. Soksi ya nailoni iliyovutwa kwenye waya wa henga inatosha. Nyimbo zetu zimejaa penzi, pendo na mpenzi, na kila P ni kofi la upepo. Bati likipigwa na mvua, ahirisha.

Kabla hujabonyeza kurekodi, hifadhi mradi kwa Ctrl na S, ukiweka alama ya kutengeneza folda yake na ya kunakili faili zote humo. Usipofanya hivyo, sauti zinatawanyika kwenye folda usizozijua, na siku ya kuhamishia kwenye flashi unahamisha mradi usio na sauti. Treki moja ya mono ya biti 24 kwa 48,000 inakula karibu megabaiti 8.6 kwa dakika, kwa hiyo nafasi si kisingizio. Faili za .reapeaks utakazoziona humo ni michoro tu. Hata zikifutika zinajitengeneza upya.

Reaper inakupa siku 60 za kujaribu ikiwa na kila kitu, na zikipita haijifungi, inakukumbusha tu kila ukiifungua. Wengi wetu tunazoea kukikwepa kile kidirisha cha ukumbusho miaka na miaka. Leseni ya mtu binafsi na ya biashara ndogo ni dola 60, na kwa programu ya kiwango hiki ni bei ya haki. Ukianza kulipwa kwa kazi ulizozirekodia humo, ilipie.